Mwaka Simu Ilipoingia Sebuleni Kwetu

Siku ya pili ya matanga ya mama, watu wakiwa wamejaa uani kwangu Kapsoya, mjini Eldoret, na chai ikipakuliwa kwa sufuria kubwa, mwanamke mmoja nisiyemjua alinishika mkono akakataa kuuachilia. Alikuwa mrefu, amefunga kitambaa cheusi kichwani, na viatu vyake vilikuwa na tope la barabara yetu. "Wewe ni Akinyi," aliniambia, si kwa kuuliza. "Mimi ni Jebet. Hunijui, lakini mama yako aliwahi kuja kwetu Elgon View, mimi na wewe tukiwa wasichana wa sekondari. Alikuja kuongea na mama yangu juu ya simu." Nilimvuta nyuma ya tangi la maji, mahali vyombo vilikuwa vikioshwa, tukasimama hapo huku akina mama wa kanisa wakitupita na mabeseni. Yale aliyonieleza nitayaweka mahali pake. Kwa sasa niseme tu kwamba nilirudi ndani, nikamkuta binti yangu Rose amekaa na wageni, na mjukuu wangu Tasha kwenye kona, magoti juu, akichekea simu yake. Alikuwa na miaka kumi na minne. "Huyu anaongea na nani?" nikamuuliza Rose. Akanijibu bila kuinua macho, "Mum, usijali. Nimeiwekea lock ile simu. Haiwezi kufungua vitu vibaya." Nilitaka kumjibu nikashindwa, kwa sababu wageni wengine walikuwa wanaingia na ilibidi niinuke kusalimia. Lakini siku zile zote za matanga, nikiandaliwa chakula nisichokitaka, nikiimbiwa nyimbo nisizozisikia, mawazo yangu yalikuwa yanarudi kwenye mwaka mmoja tu katika maisha ya mama, mwaka niliokuwa kidato cha pili.

Baba alikuwa fundi wa laini za simu. Mvua ikinyesha Kesses au upepo ukiangusha nguzo njia ya Sugoi, yeye ndiye aliyefuatwa, na mara nyingi aliyetumwa kumfuata alimkosa. Basi wakubwa wake wakaamua awekewe simu nyumbani. Ilikuja mwezi wa kwanza, nyeusi, nzito, na mama akaifumia kitambaa cheupe chenye maua pembeni kama alivyokuwa amefumia viti vyote vya sebule yetu. Sebule yenyewe ilikuwa ndogo. Viti vitano, meza, kabati la vyombo ambavyo hatukuruhusiwa kulia, redio, na ukutani picha ya rais karibu na kalenda ya kanisa. Simu ikawekwa kwenye stuli kati ya redio na dirisha, na majirani wakaja kuiangalia kwa zamu, wengine wakiinua mkono wake na kuuweka sikioni ili tu wasikie ule mlio. Siku ile ile baba alitoa kikufuli kidogo mfukoni akakitia kwenye tundu la kuzungushia namba. Ufunguo akaufunga pamoja na funguo zake za kazi. "Hii si ya kuchezea," alisema. "Hakuna mtu wa kupiga kutoka hapa isipokuwa mimi. Sasa niko na amani." Na kweli alikuwa na amani. Alikaa akanywa chai yake vikombe viwili, akiiangalia simu jinsi mtu anavyoangalia ng'ombe aliyemnunua kwa jasho. Kitu ambacho hakuna aliyekifikiria, hata yeye aliyeshinda juu ya nguzo akiunga nyaya za mji mzima, ni kwamba kikufuli kilizuia kupiga tu. Simu ikilia, mtu yeyote aliyekuwa ndani angeweza kuipokea.

Aliyekuwa ndani ni mimi. Kaka zangu walikuwa shule za bweni. Mama alifanya kazi kiwanda cha nguo, shifti ya mchana. Nilipotoka shule alikuwa ameshaondoka, na aliporudi mimi nilikuwa kitandani. Baba naye hakuwa na saa. Kwa hiyo kutoka alasiri hadi giza kuingia nyumba ilikuwa yangu, na sijui kama nimewahi tena kuishi mahali palipokuwa kimya namna ile. Nilikuta githeri ya mahindi na maharagwe kwenye sufuria imefunikwa sahani, au viazi na sukuma wiki, vimeshapoa. Nilikula nimesimama jikoni, sare ikiwa bado mwilini, halafu nikaanza kuzunguka. Nilikuwa na miaka kumi na mitano na sikuwa na uwezo wa kukaa. Nilikwenda dirishani, nikaenda chumbani, nikajitazama kwenye kioo cha mama, nikarudi dirishani. Ile baridi ya Eldoret ilikuwa inashuka, moshi wa majiko unapanda, wenzangu wako kwao na dada zao, na mimi nilihisi kwamba mahali fulani maisha yanaendelea na hakuna mtu aliyenikumbuka kuniita.

Ndipo siku moja simu ikalia. Mwanamume aliuliza kama hapo ni duka la vipuri vya gari. Nikamwambia ni nyumbani kwa watu. "Aa, pole, rong namba," akasema, na badala ya kukata akacheka kidogo. "Lakini sauti yako ni nzuri kuliko ya mwenye duka." Sikujibu. Nilikata simu, na kwa saa nzima iliyofuata nilimaliza kazi zote za nyumba nikiwa siwezi kutulia. Kesho yake ikalia tena, wakati ule ule. "Ni yule wa jana. Nilikuwa nataka tu kuomba msamaha vizuri." Jina lake alisema ni Ken. Alisema ana miaka ishirini na moja, anasomea uhandisi chuo kikuu, na kwamba anapiga kutoka ofisi ya mjomba wake mjini. Hakuniuliza kitu kibaya. Hilo ndilo nimejaribu kumweleza Rose na sijui kama amelielewa. Aliniuliza nimekula nini. Aliniuliza mwalimu gani ananisumbua. Nikimwambia nimepata alama mbaya ya hesabu, siku inayofuata alikumbuka na kuuliza kama nimefanya masahihisho. Wakati huo kwetu hakuna aliyejua hata nafanya mada gani. Baba aliniona Jumapili na kuniuliza, "Shule inaendelea?" Nilijibu, "Inaendelea," na mazungumzo yakawa yameisha.

Muhula wa pili ulipoanza nilikuwa nakimbia kutoka shule. Niliwaacha wasichana wenzangu njiani, nikakata kona za watu, nikavuka mtaro uliojaa maji ili nifike kabla haijalia. Isipolia nilikuwa kama mgonjwa. Nilikaa karibu nayo na kitabu nisichokisoma, nikainua mkono wa simu kuhakikisha laini iko hai, nikaurudisha haraka nikihofia kwamba anapiga sekunde hiyo hiyo. Naye taratibu maneno yake yalibadilika, na nilikuwa nimezoea sauti yake kiasi kwamba sikuona yanabadilika. Akaanza kusema mimi si kama wasichana wengine, nina akili ya mtu mzima. Akasema wazazi wa siku hizo hawaelewi vijana, kwa hiyo heri tusiwasumbue na habari zetu. Akauliza baba hurudi saa ngapi. Akauliza kama nalala chumba cha peke yangu. Nilijibu yote. Mwishowe akasema ameniletea redio ndogo ya kuvaa masikioni, ile niliyokuwa nimeiona kwa msichana mmoja tu shuleni, na kwamba Jumamosi mchana nimkute nje ya hoteli fulani karibu na stendi ya magari. Atavaa jaketi la kahawia na kushika gazeti lililokunjwa. "Usivae sare," aliniambia. "Na usije na rafiki. Marafiki wana wivu."

Siku aliyoniambia hayo stima zilipotea kiwandani, mashine zikasimama, na wafanyakazi wakaruhusiwa kwenda nyumbani. Mama alikuja kwa mguu kupitia njia ya nyuma kwa sababu ya matope, akavua viatu mlango wa jikoni, akaingia bila kelele akiwa amevishika mkononi. Nilikuwa nimekaa sakafuni nimeegemea stuli, mgongo kwake, nikicheka. Baadaye aliniambia kwamba kilichomsimamisha ni kile kicheko. Hakuwahi kukisikia nyumbani kwake. Alisimama pale jikoni akasikiliza. Nilipokata simu na kugeuka nikamwona, viatu mkononi, nyuzi za pamba zimemkaa kwenye nywele kama kawaida ya watu wa kiwanda, na uso ambao sikuweza kuusoma. Nilingoja kofi. Akapita, akaweka viatu chini ya sinki, akawasha jiko, akaanza kuchagua mawe kwenye omena, wale dagaa wa ziwani. "Njoo unisaidie hapa," akasema. Tulipika ugali na omena. Tulikaa kula, yeye na mimi tu, meza ambayo siku za kazi sikuwa nimekaa naye tangu mwaka uanze. Alikula tonge moja, akanawa.

"Ken ni nani?"

"Ni msichana wa darasa letu. Tunamwita hivyo kwa utani."

"Akinyi. Sitakupiga. Sina hata nguvu ya kukupiga. Niambie tu, amekuahidi nini?"

Sijui ni kwa nini swali hilo lilinivunja. Labda ningeulizwa nimefanya nini ningeendelea kudanganya. Nilimwambia habari za redio, halafu za Jumamosi, halafu zote, nikilia kwa hasira zaidi kuliko aibu, kwa sababu nilijua kuanzia siku hiyo nyumba itakuwa kimya tena. Nilimwambia Ken si mtu mbaya. Nilimwambia, na hili nalikumbuka kwa sababu niliona jinsi lilivyomwingia, kwamba Ken ndiye mtu pekee anayeniuliza habari zangu. Mama alikusanya sahani. "Sawa," akasema. "Pengine ni mtu mzuri. Jumamosi tutakwenda kumwona."

Jumamosi hiyo aliomba ruhusa kazini, akavaa nguo yake ya kanisani, akamchukua jirani yetu Mama Chepkoech, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mpole ambaye hakuwahi kuharakisha kitu. Ng'ambo ya barabara kutoka ile hoteli kulikuwa na duka la vitambaa la Mhindi mmoja. Tuliingia humo watatu, mama akajifanya anachagua vitambaa vya pazia, mimi nikasimamishwa nyuma ya marobota karibu na dirisha. Kulikuwa na harufu ya nguo mpya na udi. Nilikuwa najua nitakachokiona: kijana mwembamba, labda mwenye miwani. Nilikuwa nimemchora kichwani hadi viatu. Watu walipita na magunia, wanafunzi, askari mmoja, mama na kuku. Halafu gari jeupe likaegeshwa na akashuka mwanamume wa umri wa baba yangu, au zaidi, tumbo limetangulia, upara unang'aa. Jaketi la kahawia. Gazeti.

"Ndiye?" mama akauliza kwa sauti ya chini.

"Si yeye. Ken ni kijana."

"Tungoje basi."

Tulingoja. Yule mtu alitazama saa, akatazama kila msichana aliyepita, akatembea hadi kona na kurudi. Mama Chepkoech akasema, "Huyu namjua. Ni Bwana Silas, yule mwenye duka la simiti. Kila mkutano wa chama tawala anakaa mstari wa mbele na wakubwa." Mimi bado nilikuwa nasema si yeye, si yeye, ni bahati mbaya tu ya jaketi. Mama aliweka chini kitambaa alichokuwa ameshika. Alitoka, akavuka barabara bila kuangalia huku wala huku, pikipiki ikampigia honi, akafika nyuma ya yule mtu na kusema kitu. Nilikuwa mbali, sikusikia. Lakini nilimwona akigeuka haraka na tabasamu, tabasamu lililokuwa tayari, kisha likafa lilipomkuta mwanamke mzima wa nguo ya kanisani. Mama hakumtukana. Mtu huyo akaingia garini akaondoka kwa kasi, gazeti likabaki barabarani. Mama alirudi. Akanunua uzi aliokuwa hauhitaji, kwa sababu aliona vibaya kutoka dukani mikono mitupu. "Ulimwambia nini?" Mama Chepkoech akauliza. "Nilimwambia, 'Ken?' Basi. Akageuka."

Nimekuwa mtu mzima miaka mingi sasa, nimelea na nimelelea wengine, na bado nalikumbuka lile tabasamu. Ile sauti ilikuwa yake. Alikuwa ameninong'oneza kwa miezi, akajua ninavyoogopa hesabu, na kumbe kila siku alikuwa anazungusha namba za nyumba za watu mchana, nyumba baada ya nyumba, akitafuta ile ambayo mtoto atapokea. Hilo mama alilielewa kabla yangu. Tukiwa bado njiani alimwambia Mama Chepkoech, "Huyu hakuanza na wangu. Na hataishia kwa wangu."

Baba aliposikia alitaka kwenda kumpiga mtu. Hiyo ilikuwa hadi alipoambiwa jina. Alikaa chini. Aliinuka akaongeza sauti ya redio, kama watu wote walivyofanya miaka ile wakitaka kuongea jambo lisisikike nje, na kutoka chumbani nilisikia vipande vipande kati ya matangazo ya vifo na nyimbo za kwaya. Baba alisema simu itoke, ataomba waichukue. Mama akasema, "Acha ikae. Ukiitoa hapa, ziko kwenye nyumba zingine, iko posta. Utatoa zote? Mtoto ndiye hatukuwa tunamwangalia. Tulikuwa tunaangalia bili." Baba akasema kitu sikukisikia. Kisha mama akasema, "Nitakwenda kwa kila nyumba iliyo na simu na mtoto wa kike. Wewe ndiye unajua ziko wapi." Baba akajibu. "Mama Akinyi, unajua watu wanachukuliwa na askari siku hizi kwa neno dogo. Unajua huyo anakaa na nani. Nina watoto watatu shuleni." Mama akamjibu, "Na wale wengine ni watoto wa nani?"

Baba hakumwelekeza. Mama akatafuta mwenyewe, kwa kuangalia juu, akifuata nyaya kutoka nguzoni hadi kwenye mapaa ya nyumba. Asubuhi kabla ya shifti alikwenda mtaa wa Elgon View, alikwenda Pioneer, nguo yake ya kanisani na mkoba, kama mtu anayechangisha pesa za harambee. Hakutaja jina la mtu. Alisema tu: mchana mkiwa kazini simu inalia, na mtoto wako anapokea, je, unajua ni nani? Sehemu nyingi hakuvuka mlango. Mke wa meneja mmoja alimwambia, "Labda mtoto wako ana shida. Wangu amelelewa." Mwingine alimwacha kwa kijana wa bustani. Alikuwa anarudi na kuvua viatu na kukaa dakika chache kabla ya kwenda kazini, na Jumapili nikamsikia akimsimulia Mama Chepkoech, wote wawili wakicheka kwa uchungu. Nyumba moja tu, alisema, walimkaribisha chai na mursik, maziwa yao ya mgando, na mwenye nyumba akamsikiliza hadi mwisho na kumsindikiza tu hadi mlangoni.

Hiyo ilikuwa nyumba ya kina Jebet. Nyuma ya tangi la maji, miaka yote hii baadaye, Jebet aliniambia kwamba alikuwa amesimama kwenye korido siku ile, Jumamosi asubuhi, akisikiliza. Alikuwa ameshakutana na mtu huyo mara moja. Alisema hivyo tu, mara moja, akaangalia pembeni, nami sikumwuliza. Alikuwa amepangiwa mara ya pili. Mama yangu alipoondoka, mama yake alikwenda moja kwa moja koridoni akamkumbatia bila kuuliza swali, akamwambia, "Niambie ukiwa tayari." Ilimchukua hadi mwisho wa mwaka kuwa tayari. "Nimekaa na jina la mama yako maisha yangu yote," aliniambia. "Nilisikia tangazo la kifo redioni nikasema lazima nije." Nilimpenda kwa kuja. Na nililia kwa sababu mama alikufa akiamini kwamba safari zile zote zilikuwa bure.

Maana mama alizilipia. Kabla mwezi haujaisha baba aliitwa na mkubwa wake. Aliambiwa mkewe anazunguka kwenye nyumba za watu akiharibu majina ya watu wanaojenga nchi, na kwamba fundi mzuri anaweza kuhitajika Lodwar, kule jangwani, wakati wowote. Alirudi mchana, jambo ambalo halikuwahi kutokea, akakaa sebuleni na kofia mikononi. Nilimwogopa. Nilidhani ataniambia ni mimi niliyeyaleta. Badala yake akaniuliza, "Huyo mtu alikuwa anakuuliza nini siku zote?" Nikamwambia: nimekula nini, hesabu imeendaje. Akatikisa kichwa taratibu. "Na hesabu imeendaje?" akauliza. Nikamwambia vibaya. Tulikaa na daftari langu juu ya meza, yeye akiwa amesahau aljebra na mimi sikuwahi kuijua, tukakosea pamoja hadi jioni. Lodwar hakupelekwa, lakini miezi yote iliyobaki hatukulisikia lori la kazi likisimama nje bila kushtuka. Bwana Silas hakuguswa na yeyote. Tulimwona kwenye sherehe za kitaifa akipunga mkono. Siku moja kanisani alikuja kama mgeni wa heshima, akapita akisalimia akina mama mstari kwa mstari, na alipomfikia mama, mama akaweka mikono yake ndani ya mkoba na kuanza kutafuta kitu, akatafuta hadi alipopita.

Mama hakwenda tena kwenye nyumba za watu. Alichofanya ni kwenda kwa msimamizi wake kuomba shifti ya asubuhi. Alinyimwa. Kulikuwa na nafasi ya usiku tu, ile watu wote waliikimbia. Akaichukua. Tangu siku hiyo nilipotoka shule nilimkuta nyumbani. Na nikwambie ukweli, nilichukia. Alikuwa anakuja kutoka kazini asubuhi, anafua, anapika, analala kidogo, halafu nikiingia ananiita jikoni niketi. "Leo uliongea na nani?" Kila siku. Nilijibu kwa neno moja, nikagonga milango, nikamwambia mara moja kwamba ananichunga kama mbuzi. "Ndiyo," akasema, akiendelea kukata vitunguu. "Sasa niambie, yule mwalimu wa jiografia bado anawatukana?" Taratibu, kwa kuchoka kukasirika, nilianza kujibu kwa maneno mawili. Yeye naye akaanza kunieleza ya kwake: wasichana wa kiwandani, mashine iliyomkata mwenzake kidole, jinsi alivyokuwa akitoroka kwenda kucheza ngoma akiwa na umri wangu. Sikujua. Nilikuwa nimeishi na mtu huyu na sikumjua. Hivi karibuni nilimwambia Rose kwamba hiyo lock yake si mbaya, aiache, lakini pia aketi na Tasha. Akasema, "Mum, nitapata wapi muda?" Nilimwelewa kabisa. Mama pia hakuwa nao.

Ilikuwa karibu na mitihani ya mwisho wa mwaka. Nilifika nyumbani mvua ya mawe ikiwa imepita, bustani yote nyeupe, na hakukuwa na harufu ya chakula. Mama alikuwa ameketi sebuleni amelala. Alikuwa amekusudia kuningoja, nadhani, maana alikuwa ameshika kisu na kiazi ambacho hakikuisha kumenywa, kichwa kimeangukia bega, mdomo wazi. Sikuwahi kumwangalia hivyo. Macho yake yalikuwa yamezama, na mikono ilikuwa imepasuka kwa dawa za kiwandani. Nilichukua kile kisu kutoka mkononi mwake polepole, na wakati nimeinama hivyo simu ikalia pembeni yangu. Mama hakushtuka. Niliipokea upesi ili isimwamshe.

Ilikuwa ile sauti, laini, kama hakuna kilichowahi kutokea. "Akinyi. Umekuwa mgumu sana kupatikana." Kwa muda ambao siwezi kuupima nilirudi kuwa yule msichana aliyekimbia kupitia mtaro, na ninasema hivi kwa sababu watu hudhani ukishajua ubaya wa mtu sauti yake inakoma kukuvuta. Haikomi siku moja. "Uko peke yako?" akauliza.

Nilimtazama mama. Alikuwa anakoroma kidogo.

"Hapana," nikasema. "Mama yuko hapa. Ngoja nimwamshe."

Laini ikakatika. Nilirudisha mkono wa simu mahali pake, nikaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu naye, nikaendelea kumenya viazi.